Kiti Kanisani, Kiti Ndani ya Basi

Waraka wa Yakobo, katika sura yake ya pili, unasimulia habari ambayo kila mzee wa zamu ya mlangoni anaielewa. Watu wawili wanaingia katika kusanyiko. Mmoja ana pete ya dhahabu na mavazi mazuri, mwingine ana nguo chakavu. Wa kwanza anakaribishwa mahali pa heshima. Wa pili anaambiwa asimame kando au aketi chini. Yakobo haoni kwamba hili ni jambo dogo la kupanga viti. Kwake huo ni upendeleo, na upendeleo wa namna hiyo haupatani na imani katika Bwana wetu Yesu Kristo.

Tumeisoma sura hiyo mara nyingi katika ushirika wetu wa Kiswahili hapa Philadelphia, Marekani. Hata hivyo ilituchukua miaka kutambua kwamba mji tunaoishi una historia ndefu ya viti: nani aketi wapi kanisani, na nani aketi wapi ndani ya chombo cha usafiri. Katika makala haya tunaeleza jinsi tulivyojifunza historia hiyo kwa kupanda mabasi na treni za mji, na jinsi ilivyotuhukumu sisi wenyewe.

Swali la mtoto

Ushirika wetu si mkubwa. Tumo Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi. Tunaabudu Jumapili alasiri katika jengo la kanisa la Wamarekani weusi, baada ya wenyeji wetu kumaliza ibada yao ya asubuhi. Kwa miaka mingi tulikuwa tukipishana nao mlangoni. Tulisalimiana, tukatoa mchango wetu wa umeme na maji, tukaishia hapo.

Mwezi wa Februari ni mwezi wa kukumbuka historia ya watu weusi katika Marekani. Mwaka mmoja watoto wetu walirudi kutoka shule na kazi ya nyumbani: wataje mahali patatu katika mji wao panapohusiana na historia hiyo. Hakuna mzazi aliyeweza kuwasaidia. Mama mmoja alisema, bila ubaya moyoni, "Hiyo ni historia yao, sisi tuna ya kwetu." Mwanawe, kijana wa miaka 14, akamjibu, "Mama, nikiwa ndani ya basi, wanaoniangalia hawajui kwamba sisi tumetoka Kigoma."

Neno hilo lilifika kwenye kikao cha wazee, na lilitunyamazisha. Tulilazimika kukiri mambo ambayo hatukuwa tumeyasema hadharani. Wapo kati yetu waliowakataza watoto wao kucheza na watoto wa jirani. Wapo waliorudia maneno ya dharau juu ya Wamarekani weusi, maneno tuliyoyaokota kwenye filamu hata kabla hatujapanda ndege kuja huku. Tulitaka walimu na waajiri wajue kwamba sisi si kama wao.

Tukaamua kwamba Jumamosi zote za Februari tungetoka pamoja, wazee na watoto, kwenda kuiona historia hiyo mahali ilipotokea. Hatukukodi gari. Wengi wetu hatuna magari, na wazee waliofika miaka 65 hawalipi nauli ya basi wala ya treni za mji. Wakati huo hatukujua kwamba basi lenyewe lilikuwa sehemu ya somo.

Waliongoja hadi sala ikaisha

Jumamosi ya kwanza tulipanda treni inayopita chini ya Market Street, tukashuka kituo cha 5th Street, tukatembea hadi kanisa la St. George's. Ni jengo la Wamethodisti, nao wamekuwa wakiabudu humo tangu mwaka 1769. Mwishoni mwa karne ya 18 watu weusi wengi walisali pale. Kati yao walikuwamo wawili ambao majina yao watoto wetu sasa wanayajua.

Absalom Jones alizaliwa mtumwa mwaka 1746. Alipopata fedha kwa kazi za ziada, alimkomboa kwanza mkewe, ili watoto watakaozaliwa wawe huru, kwa kuwa mtoto alifuata hali ya mama yake. Uhuru wake mwenyewe ulikuja baadaye. Richard Allen naye alizaliwa utumwani, mwaka 1760. Aliokoka akiwa kijana, akafanya kazi ngumu mpaka akajinunua, akawa mhubiri. Mwaka 1787 wawili hao walianzisha chama cha kusaidiana, Free African Society, kilichowatunza wagonjwa, wajane na yatima.

Mahubiri ya Allen yaliwavuta watu weusi wengi St. George's. Wenye kanisa, badala ya kushangilia, walianza kuwasogeza: kwanza kandokando ya kuta, kisha juu kwenye roshani. Allen ameandika katika kumbukumbu zake kilichotokea Jumapili moja. Walikuwa wamepiga magoti, sala ikiendelea, ndipo mmoja wa wadhamini wa kanisa alipomshika Absalom Jones na kumvuta asimame, akimwambia kwamba pale hapakuwa mahali pake. Jones alimwomba angoje sala iishe. Hakungoja, na mwingine akaja kumsaidia kuwavuta waliopiga magoti. Sala ilipokwisha, watu weusi wote walitoka nje kwa pamoja.

Mzee wetu mmoja aliposikia habari hiyo alirudia jambo moja tu: "Waliongoja hadi sala ikaisha." Waliodhulumiwa ndio walioiheshimu sala kuliko wenye kanisa.

Mwaka 1793 homa ya manjano iliuvamia mji na kuua watu wapatao 5,000. Wenye uwezo walikimbia. Dokta Benjamin Rush, aliyeamini kimakosa kwamba watu weusi hawapatwi na ugonjwa huo, aliwaomba Jones na Allen msaada. Nao waliingia katika nyumba ambazo hata ndugu za wagonjwa walikuwa wamezikimbia, wakauguza, wakabeba maiti na kuzika. Wengi wao waliugua, na wengi walikufa. Baadaye mchapishaji mmoja wa mji, Mathew Carey, aliandika akiwatuhumu baadhi ya wauguzi weusi kwa wizi na kutoza bei kubwa. Jones na Allen hawakukaa kimya. Mwaka 1794 walichapisha kijitabu chao, wakaonyesha hesabu ya mapato na matumizi na kueleza waliyoyafanya. Hapo tulijifunza kwamba Mkristo anaweza kumsamehe mtu na bado akaandika ukweli.

Mwaka huohuo wa 1794 makanisa mawili yalifunguliwa. Jones aliongoza Kanisa la Kiafrika la Mtakatifu Thomas, la Kiepiskopali. Allen alibaki na Umethodisti wake. Alinunua karakana ya mhunzi, ikakokotwa na farasi hadi kwenye kiwanja chake, pembeni mwa barabara za Sixth na Lombard, ikawa nyumba ya Bwana. Ndiyo Betheli, ambayo leo inaitwa Mother Bethel.

Uamuzi wa mwaka 1817

Kutoka St. George's tulikwenda kwa miguu hadi Mother Bethel, taratibu kwa ajili ya wazee. Jengo la sasa ni la nne, lilikamilika mwaka 1890, lakini kiwanja ni kilekile na hakijawahi kutoka mikononi mwa watu weusi. Chini ya kanisa kuna makumbusho, na kuna kaburi la Richard Allen na mkewe Sarah. Huyu Sarah naye alizaliwa utumwani. Inasimuliwa kwamba aliwaona wahubiri wakija mkutanoni na nguo zilizochakaa, akawakusanya kina mama wakae kuwashonea na kuwatilia viraka. Sisi tuliokuja na Yakobo 2 mkononi tulitazamana.

Tukiwa pale chini, wenzetu waliokulia Zanzibar na Tanga walikumbuka jinsi walivyopelekwa na shule Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana. Ujenzi wake ulianza mwaka 1873, mwaka lilipofungwa soko la watumwa, na ukajengwa palepale penye soko hilo. Kwa hiyo kanisa lililosimama juu ya kumbukumbu ya utumwa halikuwa jambo geni kwetu. Tofauti ni kwamba watu wa Betheli wazee wao wengi walitekwa Afrika Magharibi na pande za mto Kongo, wakavushwa Atlantiki. Nasi tulikumbushana kwamba katika misafara ya huko kwetu, Waafrika hawakuwa mateka tu. Wengine walikuwa wauzaji. Anayekwenda kuitazama historia hii asiende akidhani amesimama upande wa wasio na hatia.

Mwaka 1816 mahakama kuu ya jimbo iliwahakikishia watu wa Betheli haki ya kulimiliki kanisa lao, na mwaka huohuo wajumbe kutoka miji kadhaa waliunda dhehebu la African Methodist Episcopal, Allen akiwa askofu wake wa kwanza. Lakini kilichotugusa zaidi ni mkutano uliofanyika pale Januari 1817.

Wakati huo baadhi ya watu weupe mashuhuri walikuwa wameunda chama cha kuwahamishia Afrika watu weusi walio huru. Viongozi wenyewe, akiwamo Allen na tajiri James Forten mwenye karakana ya matanga, walikuwa wamelitazama wazo hilo bila uadui. Wakaitisha mkutano Betheli ili kusikia watu wanasemaje. Wapatao 3,000 walilijaza kanisa. Walipoulizwa nani anakubali, hakuna sauti iliyosikika. Walipoulizwa nani anakataa, lilitoka jibu moja lililotikisa kuta. Walitoa azimio kwamba hawatajitenga kwa hiari yao na ndugu zao waliobaki utumwani, kwa sababu wameunganishwa nao kwa damu na kwa mateso.

Hebu tulipime jambo hilo. Watu hawa walikuwa huru. Wangeweza kusema kwamba utumwa wa Virginia na Carolina hauwahusu. Wangeweza kujitafutia usalama wao peke yao. Wakachagua kuhesabiwa pamoja na walio chini yao. Na sisi, tuliofika katika mji huohuo baada ya karibu miaka 200, tulikuwa tumefanya kinyume: tulitaka kuhesabiwa mbali na wajukuu wao.

Tramu za farasi

Jumamosi ya pili tulipanda treni hadi kituo cha City Hall. Juu ya kituo hicho, upande wa kusini wa jengo la mji, iko sanamu ya shaba ya mtu anayepiga hatua mbele, mikono ameifungua. Ni Octavius Catto, na sanamu yake iliwekwa mwaka 2017. Nyuma yake kuna nguzo za mawe zinazowakilisha tramu. Watoto waliuliza tramu zinahusiana nini naye, na hapo ndipo safari zetu zilipopata maana mpya.

Tramu za kuvutwa na farasi zilianza Philadelphia mwaka 1858. Kampuni nyingi ziliwakataa kabisa abiria weusi. Nyingine ziliwaruhusu kusimama tu kwenye kibaraza cha mbele, pamoja na dereva, kwenye mvua na theluji. Mwaka 1859 William Still, yule aliyewasaidia mamia ya watumwa kutoroka na kuandika habari zao, alipeleka barua gazetini kupinga jambo hilo. Ndipo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja. Katika kambi ya William Penn, nje kidogo ya mji, askari weusi karibu 11,000 walifunzwa. Wake zao na mama zao walipotaka kwenda kuwaona, tramu ziliwapita.

Mwaka 1864 mchungaji wa Mtakatifu Thomas, William Alston, alikataliwa kupanda tramu akiwa na mtoto wake mdogo aliye mgonjwa. Aliandika gazetini akiwauliza wakazi wa mji kama ni ubinadamu kuwafungia raia weusi milango ya tramu wakati vijana wao wanajiandikisha kwenda vitani. Mwaka uliofuata kampuni ziliwapigisha kura abiria wao weupe. Walio wengi walikataa kuketi pamoja na watu weusi. Wengi wa waliopiga kura hiyo, hatuna shaka, walikuwa na viti vyao makanisani.

Watu weusi hawakuacha. Mei 1865 gazeti liliripoti habari za mtu mmoja mweusi aliyeingia kwenye tramu na kukataa kushuka. Kondakta aliitoa tramu kwenye reli, akafungua farasi, akaondoka na kumwacha humo peke yake. Wengi wanaamini mtu huyo alikuwa Catto. Alikuwa mwalimu, mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri, na pamoja na wenzake aliipeleka hoja hiyo hadi kwenye bunge la jimbo. Tarehe 22 Machi 1867 sheria ilitiwa sahihi: hakuna abiria atakayekataliwa kwa sababu ya rangi.

Siku tatu baadaye mwalimu mmoja, Caroline LeCount, mchumba wake Catto, alikataliwa kupanda. Alikwenda kwa hakimu akiwa na nakala ya sheria mkononi. Kondakta alikamatwa na kutozwa faini ya dola 100. Tangu siku hiyo, mtu mweusi wa Philadelphia angeweza kuingia ndani ya tramu na kuketi.

Catto hakufaidi uhuru huo kwa muda mrefu. Tarehe 10 Oktoba 1871, siku ya uchaguzi, watu weusi walipokuwa wakishambuliwa wasipige kura, alipigwa risasi barabarani karibu na nyumbani kwake, South Street. Alikuwa na miaka 32. Mtu aliyeshtakiwa kwa kumuua aliachiwa huru.

Nani aendeshe

Historia ya viti haikuishia kwa abiria. Hadi vita vikuu vya pili, mtu mweusi angeweza kufagia tramu za mji na kutengeneza reli zake, lakini hakuruhusiwa kuiendesha. Mwaka 1944, baada ya serikali kuu kuingilia, wafanyakazi weusi 8 waliteuliwa kujifunza udereva. Tarehe 1 Agosti maelfu ya wafanyakazi weupe waligoma, na mji mzima ukasimama. Viwanda vya silaha vilikosa watu huku vita vikiendelea Ulaya. Rais Roosevelt aliagiza jeshi, na askari wapatao 5,000 wakaletwa kulinda magari. Baada ya takriban juma moja mgomo ulivunjika, na wale 8 wakaendelea na mafunzo yao.

Tulipokuwa tukisimulia hayo, mshirika wetu mmoja ambaye ni dereva wa basi la mji aliondoka akaenda kusimama pembeni. Aliporudi alisema, "Nimeendesha miaka 9. Nilidhani kazi hii nilipewa kwa sababu ya leseni yangu."

Tulipokuwa tukirudi, mama mmoja mzee, Mmarekani mweusi, alitusikia tukizungumza ndani ya basi. Alitabasamu, akasema, "Habari gani?" Tukamjibu kwa furaha, "Nzuri, mama, shikamoo!" Akacheka. Alitueleza kwamba katika Kwanzaa, sikukuu wanayoiadhimisha mwishoni mwa Desemba tangu mwaka 1966, swali hilo hujibiwa kwa kutaja nguzo ya siku. Kisha akazihesabu kwa vidole: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Alikuwa amewafundisha wajukuu wake maneno yetu saba. Sisi, mwezi mmoja kabla, hatukuweza kumtaja mtu mmoja wa historia yake.

Baada ya Februari

Hatukurudi na majibu ya kila kitu. Lakini tulipata la kufanya. Wazee wetu walikwenda kwa mchungaji wa kanisa linalotupa mahali pa kuabudu, wakaomba radhi kwa miaka ya kupita mlangoni kama wapangaji. Tukaomba tusali pamoja angalau mara moja katika miezi mitatu. Tuliwaeleza habari tuliyoijua karibuni, kwamba mwaka 2009 watu wa Mother Bethel walirudi St. George's kuabudu pamoja na kanisa ambalo wazee wao walilitoka. Kama wao waliweza kuvuka miaka zaidi ya 200, sisi tungeshindwaje kuvuka ukumbi mmoja?

Ushirika wowote unaweza kufanya tulivyofanya, katika mji wowote. Chagueni mahali panapofikika kwa basi. Mtumeni mtu mmoja atangulie, aulize milango hufunguliwa saa ngapi. Someni habari zake kabla ya kwenda, ili watoto wajue wanachokitazama. Nendeni kwa mwendo wa mzee anayetembea polepole kuliko wote. Mkifika kwenye nyumba ya ibada, toeni sadaka, na waacheni wenyeji wasimulie wenyewe.

Yoshua aliwaagiza Waisraeli wachukue mawe 12 kutoka Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kusema. Watoto wetu waliuliza, nasi hatukuwa na la kusema, ingawa mawe yalikuwa vituo vichache tu kutoka nyumbani. Yule mama aliyesema "historia yao" sasa ndiye anayewaongoza watoto wapya. Wakishapanda basi huwaonyesha viti vilivyo wazi, kisha huwaambia, "Kaeni. Na mjue nani aliwatangulia kukaa hapo."